Kidevu cha Msitu

Kwa miaka kumi na sita hakuna aliyekiona kidevu cha Msitu, na baadhi ya watu walikwisha anza kushuku kama kipo. Ndevu zake zilianzia karibu na macho, zikatelemka mashavuni, zikaifunika shingo yote na kuishia kwenye kifungo cha pili cha ovaroli. Ndizo zilizompa hilo jina, na jina likamganda hadi mama yake mzazi akawa analitumia akiwa na hasira. Mteja mgeni akifika gereji na kumwulizia fundi wa rangi, mlinzi hakujisumbua kueleza. Alisema tu, "Ingia ndani, utamwona," na kweli walimwona.

Kazi aliijua. Hapo hata wasiompenda walinyamaza. Gari likigongwa mlango mmoja, yeye ndiye aliyeitwa kuulinganisha na mwenzake, na akishamaliza, mwenye gari alilizunguka mara mbili akiutafuta mlango uliopakwa. Bunduki yake ya kupulizia rangi aliiosha mwenyewe kwa tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, kila jioni, akaifuta, akaifungia kabatini. Hakuruhusu mtu aiguse, hata meneja.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba zile ndevu hazikuwa maringo. Zilikuwa pazia. Ujanani Msitu alinyoa kama vijana wote, na kila akinyoa, baada ya siku mbili shingo ilimtoka vipele vyenye usaha, vikawasha, vikauma, vikaacha madoa meusi. Akajaribu dawa za kupaka, akajaribu ndimu iliyomtoa machozi, akajaribu ushauri wa kila aliyefungua kinywa. Mwishowe akasema potelea mbali, akaziacha zote ziote. Mkewe alimkubali hivyo hivyo, watoto wao watatu wakamzoea hivyo hivyo, na mambo yakaenda.

Yakaenda hadi alipokuja mpimaji. Gereji ilikuwa imejenga chumba kipya cha kupulizia rangi, chenye feni kubwa na taa nyeupe, na chumba kilikuja na sheria yake: haingii mtu bila barakoa ya mpira yenye vichujio viwili, na barakoa hiyo lazima ipimwe usoni mwa mvaaji. Mpimaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye begi jeusi na sauti ya mwalimu wa hesabu. Alimvika barakoa fundi wa pili, waliyemwita Mrefu, akamfunika kichwa kwa mfuko mpana wenye kidirisha, kisha akapuliza ndani ya mfuko dawa isiyo na madhara ila ni chungu kuliko shubiri. Barakoa ikibana vizuri, mvaaji haonji kitu. Mrefu, aliyekuwa na ndevu chache za kidevuni alizozipenda kuliko ndugu zake, alionja mara moja. Akapimwa tena, akaonja tena. Akaambiwa anyoe, akakataa katakata, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amehamishiwa sehemu ya kuosha magari.

Kisha mpimaji akamgeukia Msitu. Akamtazama juu, akamtazama chini, akafunga begi lake.

"Wewe kaka sikupimi," alisema. "Hapo sina hata pa kuiweka barakoa. Kanyoe kwanza. Nitarudi baada ya wiki tatu."

Meneja naye akatia lake. "Ukishindwa siku hiyo, fundi wangu, nitakupenda vilevile. Ila utakuwa unashika mpira wa maji pamoja na Mrefu."

Mafundi wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kutoka chini ya gari, "Msitu! Mwenzako akinyolewa, zako tia maji!" Msitu akacheka nao, lakini jioni ile aliiosha bunduki mara mbili. Aliogopa. Hakuogopa kuosha magari, kazi ni kazi. Aliogopa kuiona bunduki ile mkononi mwa mtu mwingine.

Akajikaza kisabuni. Njiani kurudi nyumbani alinunua mashine ya plastiki yenye nyembe tano zilizopangwa kama ngazi, na kopo la povu la kubonyeza. Muuzaji alimwapia kwamba vipele ameagana navyo. Msitu akazifyeka ndevu kwanza kwa mkasi, akapaka povu bila hata kulowesha uso, akaanza kunyoa kutoka shingoni kwenda juu, akikandamiza kama anayekwangua masizi ya sufuria. Nywele ziliziba mashine kila hatua mbili. Alipomaliza alikuwa na kidevu kweli, tena chenye kishimo katikati ambacho hata yeye alikwisha kukisahau.

Mlangoni alimkuta binti yao wa mwisho, wa miaka mitano. Mtoto alimtazama kwa adabu zote.

"Shikamoo," alisema. "Baba yuko bafuni. Akitoka nitamwambia umekuja."

Mkewe ilibidi akae chini kwa kucheka.

Siku ya tatu kicheko kiliisha. Shingo ilikuwa imejaa vipele kutoka sikio hadi sikio, kama ganda la fenesi, na kola ya ovaroli ikigusa tu alisaga meno. Barakoa ya mpira juu ya ngozi ile asingeivumilia hata dakika moja, na akiziacha ndevu ziote tena barakoa haitabana. Alirudi nyumbani mapema, akajilaza kifudifudi, akamwambia mkewe aanze kuzoea kuwa mke wa mwosha magari.

Sasa, nyumbani mle alikuwemo mgeni. Mama mkwe alikuwa amekuja wiki hiyohiyo kutibiwa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, akawa anamtambua mtu kwa hatua zake na kwa anavyofunga mlango. Kati yake na mkwewe palikuwa na heshima nzito. Msitu alimwamkia asubuhi, akaitikiwa, na baada ya hapo kila mmoja alitafuta pa kukaa. Kuzungumza habari za shingo yake mbele ya mama mkwe ni jambo ambalo lisingemjia hata ndotoni.

Lakini yule mama alikuwa na masikio.

"Mwanangu," alimwuliza bintiye huku akishona kifungo kwa kupapasa, "juzi mumeo alikuwa anafanya nini kule bafuni?"

"Alikuwa ananyoa, mama."

"Ananyoa? Mimi nilidhani anapara samaki." Sindano ikatulia. "Hebu mwite."

Msitu akaja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Mama mkwe hakumwelekea. Kwa heshima, alizungumza na ukuta. Akaueleza ukuta kwamba hayati mumewe alitetemeka mikono miaka minane ya mwisho wa maisha yake, na kwamba katika miaka yote hiyo hakutoka nje ya mlango hata siku moja akiwa na ndevu, kwa sababu yeye mwenyewe alimnyoa kila asubuhi. Miwili ya mwisho, alisema, haya macho nayo yalikuwa yamekwisha kuharibika.

"Sasa mama, ulimnyoaje bila kuona?" aliuliza Msitu.

"Kwa masikio. Wembe unasema. Ukipita vizuri unaongea, ukiukandamiza unakabwa, ukiukosea unalia. Wako wewe, unisamehe mwanangu, ulikuwa unaomba msaada."

Nyuma ya pazia mtu alipaliwa na kicheko, na mtu huyo alikuwa mke wa Msitu. Msitu mwenyewe akajikuta anacheka, na ule uzito wa ukwe ukapungua.

Mama mkwe akatoa amri. Siku nne asiguse wembe. Kitambaa cha moto shingoni asubuhi na jioni, na asitumbue kipele hata kimoja. Ile mashine ya ngazi aitupe.

"Wembe wa kwanza unauvuta unywele," alisema, "unaofuata unaukata ukiwa umevutwa, na wengine nao wanapita kumalizia. Mwisho wa yote unywele unajificha chini ya ngozi. Na ndevu zetu zimejikunja. Zikitaka kutoka zinapotea njia, zinachoma nyama kwa ndani. Kipele ndicho hicho. Wewe si mgonjwa, baba. Unakata karibu mno, basi."

Neno hilo la kwamba si mgonjwa lilimwingia Msitu kuliko dawa zote alizowahi kupaka. Miaka kumi na sita alikuwa ameamini ngozi yake ina kasoro. Aliona haya, akaona na raha, vyote kwa pamoja. Akauliza, kwa unyenyekevu, kama angeruhusiwa kutumia mashine ya hayati baba mkwe.

"Ile kichwa kimelegea," alijibu mama mkwe. "Itakukata masikio. Nenda kanunue yako."

Dukani alikwenda na mkewe, aliyebeba maagizo ya mama yake kichwani kama mtoto aliyetumwa. Mashine iwe ya chuma, ya wembe mmoja tu. Kichwa kiwe kizito, ili uzito wake ufanye kazi na mkono upumzike. Mwanya kati ya wembe na kinga, ule ukingo unaogusa ngozi, uwe mdogo. Mpini uwe umekwaruzwa, usiteleze kwenye sabuni. Muuzaji alileta tatu. Moja ilikuwa ya rangi ya dhahabu, kinga yake ina meno kama kitana, na Msitu alipoishika hakutaka kuiachia.

"Hiyo iache," alisema mkewe. "Mama kasema yenye meno ni ya waliokwisha kujua."

"Mama hajaiona hii."

"Mama haoni kitu chochote, na bado amekushinda. Chukua hii nyeupe."

Akachukua nyeupe, huku amenuna. Brashi ya kupakia povu mkewe aliikunja nywele zake kiganjani kuona kama zinarudi na kama zinadondoka, akakataa mbili, akakubali ya tatu. Sabuni wakachagua ile ngumu ya duara inayokaa ndani ya kopo la bati. Nyembe wakachukua za aina tatu, kidogo kidogo, maana mama mkwe alikuwa amesema wembe ni kama kiatu, cha mwenzako kinaweza kukutoa malengelenge.

Asubuhi ya siku ya tano kiti kikawekwa kwenye ujia, mgongo wake umeelekea mlango wa bafu. Mama mkwe akakalia, mlango ukaachwa wazi upana wa kiganja, na somo likaanza.

"Umeosha uso?"

"Nimeosha, mama."

"Kwa maji ya moto?"

"Vuguvugu."

"Rudia. Kitambaa cha moto, uhesabu hadi mia, polepole. Nasikia kule gereji walikuimbia methali ya kutia maji. Walidhani wanakutania, kumbe wamekupa nusu ya somo."

Akahesabu hadi mia. Akachovya brashi, akaisugua kwenye sabuni, akaanza kujipaka.

"Hilo nalisikia linachachatika," ilisema sauti ya mlangoni. "Povu lenye kelele ni la kufulia nguo. Maji yamezidi. Kung'uta brashi, rudi kwenye sabuni, zungusha."

Alizungusha mpaka kiwiko kikamwuma. Mapovu makubwa yakavunjika yakawa madogo, madogo yakawa laini kama maziwa yaliyoganda, na kweli sauti ikaisha kabisa. Kisha akaambiwa apapase, kabla ya kupaka tena, ndevu zimelala upande gani. Msitu akapapasa. Mashavuni zilishuka chini, sawa. Lakini shingoni upande wa kushoto zilikwenda sikioni, upande wa kulia zilishuka kifuani, na chini ya taya palikuwa na mahali zilipozunguka kama maji yanayoingia tunduni. Alishangaa sana. Alikuwa na miaka arobaini na mbili na hakuwa akiijua shingo yake.

"Zifuate zinakokwenda," alisema mama mkwe. "Popote zinakokwenda. Usibishane nazo."

Wembe ukagusa shavu.

"Unakandamiza."

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo ndiyo kukandamiza kwenyewe. Shika mwisho wa mpini, vidole vitatu. Ulaze kidogo. Laza... laza... hapo! Umesikia?"

Alisikia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya kuchanika kwa karatasi nyembamba, na ilifuata wembe popote ulipopita. Akashuka nayo shavu zima akiwa amebana pumzi. Alipomaliza uso wote akapitisha mkono, furaha ikamwisha.

"Bado zipo, mama. Nikipapasa zinakwaruza."

"Ulitaka ziishe?"

"Si ndiyo maana ya kunyoa?"

"Nikuulize. Ukipaka rangi mlango wa gari, unapaka mara moja?"

"La, mama. Ukimwaga yote mara moja inachuruzika, mlango unaharibika."

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Unapuliza tabaka jembamba. Unasubiri. Unapuliza jingine, jembamba vilevile. Halafu la tatu ndilo..." Wembe ukabaki hewani.

"Mbona umeniacha njiani? La tatu linafanya nini?"

"Nimeelewa, mama."

Akapaka povu upya, akapita tena, mara hii akikatiza kidogo pembeni, bila kupanda juu. Kupanda juu kulipigwa marufuku. Atakayekwenda kinyume cha ndevu zake, alisema mama mkwe, asimlilie mtu. Mwisho maji baridi, kujifuta kwa kugusisha taulo badala ya kusugua, na shabu, lile jiwe jeupe la kukausha damu, aguse penye jeraha tu.

Siku zikaenda. Wembe wa aina ya kwanza ulimvuta, wa pili ulikuwa mkali hadi ukamnyang'anya ngozi, wa tatu wakapatana. Damu ikaisha, vipele vikasinyaa kimoja kimoja, na pale gereji watu wakaanza kumchungulia shingo kama wanunuzi wa mbuzi. Mama mkwe maagizo yakampungua. Siku moja hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho, na Msitu, akidhani bibi kapitiwa na usingizi, akachungulia ujiani.

"Silali," alisema mama mkwe. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, na mashavu yalikuwa yamelowa. "Nasikiliza. Miaka mitatu sijaisikia sauti hii asubuhi. Nimeimisi, mwanangu." Akajifuta kwa upande wa kanga. "Ila yeye alikuwa akiimba huku namnyoa. Alikuwa anaimba vibaya! Wewe angalau unanyamaza."

Halafu akamsifu. Akasema mkono wake sasa ni mwepesi kuliko wake mwenyewe. Na wahenga hawakukosea waliposema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Siku ya kupimwa, mama mkwe hakuwapo. Jicho lake la kwanza lilikuwa limekwisha pasuliwa, na asubuhi ile mkewe Msitu alimpeleka kliniki kufunguliwa bandeji. Kiti cha ujiani kilikuwa kitupu. Msitu akapita mara ya kwanza, safi. Akapita mara ya pili, safi zaidi. Akajitazama kwenye kioo na kujiambia kwamba leo ni leo, barakoa inataka kidevu kama kioo, na fundi wa kiwango chake hawezi kushindwa na kipande kidogo cha shingo. Akapaka povu la tatu, akaugeuza wembe, akapanda juu.

Wembe ukalia. Aliusikia kwa masikio yake mwenyewe, akaendelea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu alikuwa na bahati ya kupasuka sehemu tatu tu: chini ya kidevu, pembeni mwa taya, na juu ya mdomo. Damu ikachanganyika na povu. Saa ilikuwa imekwenda, na hofu nayo ikamvamia. Akalishika jiwe la shabu akajisugua uso mzima, shingo, kidevu, midomo na yote, kama anayejipaka sabuni ya kuogea. Damu ikakata. Akavaa, akakimbia.

Mpimaji alikuwa amekwisha panga vifaa vyake. Kwanza akamwonjesha ile dawa bila barakoa, ili aujue uchungu wenyewe, kisha akampa maji ya kusukutua na kumwambia asubiri. Mafundi walikuwa wamejisogeza wote, kila mmoja ameshika spana asiyoihitaji. Mrefu alisimama mbali kidogo, mpira wa maji mkononi. Barakoa ikavikwa, mikanda ikakazwa, mfuko ukashushwa. Mle ndani palikuwa na joto. Jasho likamtoka juu ya mdomo, likatiririka taratibu ndani ya ule mpira, likamfikia ulimi.

Akaonja.

Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Akitulia, akatazama mbele na kupumua, atafaulu, na jioni ataosha bunduki yake kama kawaida. Akamwona Mrefu kupitia kile kidirisha. Akamkumbuka mama mkwe ujiani, akimsikiliza bila kumwona wala kumdanganya hata siku moja. Akainua mkono.

Nyuma yake watu wakashusha pumzi, "Aaah!" Meneja akatazama chini. Mpimaji akainama, akamchungulia.

"Unaonja?"

Msitu akatikisa kichwa kukubali.

"Unaonja nini, kaka? Mbona mimi sijapuliza hata mara moja?" Akainua kichupa chake, bado kina kifuniko.

Gereji nzima ikalipuka kwa kicheko. Mfuko ukavuliwa, barakoa ikavuliwa, na mpimaji akataka kujua huo uchungu ukoje.

"Si uchungu hasa. Ni ukakasi. Unakaza ulimi."

"Asubuhi umejipaka nini?"

"Shabu," alisema Msitu, na hapo hata mpimaji mwenye sauti ya hesabu alishindwa, akajishika mbavu.

Akapelekwa bombani, akaosha uso mara mbili na kusukutua mdomo mara tatu. Mpimaji akayakagua majeraha, akaona ni membamba na hayawezi kuizuia barakoa kubana, wakaanza upya. Safari hii alipuliza kweli. Msitu akapumua kawaida, akapumua kwa nguvu, akageuza kichwa kushoto na kulia, akainua, akainama, akasoma kwa sauti karatasi nzima ya maelekezo ya kutunza feni huku mafundi wakiitikia kila sentensi. Hakuonja kitu. Mwishoni mpimaji akamwambia aingize kidole kimoja ukingoni mwa barakoa. Uchungu ukampiga kooni, akakohoa mpaka machozi.

"Umefaulu," alisema mpimaji. "Lakini sikiliza. Kila siku utakayoingia mle ndani, uwe umenyoa asubuhi ya siku hiyo. Za jana zinatosha kuifanya barakoa isibane."

Jioni, wakati Msitu anafunga kabati, Mrefu alipita karibu na kujifanya anatafuta kitu. "Eti kaka," aliuliza kwa sauti ya chini, "hiyo brashi mnainunua wapi?"

Mama mkwe naye alipofunguliwa jicho alimtazama mkwewe kwa mara ya kwanza bila ukungu, akayaona yale majeraha matatu, akaguna. "Umepanda juu," alisema. Jumapili akarudi kwake.

Jumatatu Msitu aliingia chumba kipya peke yake na boneti ya gari la bluu. Akafunga mlango, akawasha feni, akavaa barakoa, akaanza kupuliza. Baada ya dakika moja akaacha. Kuna kitu hakikuwa sawa. Tangu aanze kazi alikuwa akiipima tina kwa pua, akijua imezidi au imepungua kwa harufu tu, na sasa hapakuwa na harufu yoyote. Akadhani amechanganya vibaya. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkanda wa barakoa ili anuse kidogo, mara moja tu. Akaushika mkanda, akauachia. Akainama badala yake na kuitazama rangi chini ya taa, inavyolala, inavyong'aa ikiwa mbichi. Ilikuwa sawa. Akapuliza tabaka la kwanza, la pili, la tatu.

Alipomaliza alitoka, akavua barakoa hapo nje, kisha akarudi kufungua mlango kidogo achukue kitambaa alichokisahau. Harufu ikamtokea pale mlangoni. Ilimkaba koo, macho yakamwaga maji, akarudi nyuma hatua mbili bila kutaka. Ilikuwa harufu ileile. Hakuna kilichobadilika ila yeye. Ndani ya hiyo ndimo alimokuwa akisimama kutwa, miaka kumi na sita, na tambara amefunga puani juu ya ndevu, akiiita harufu ya kazi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo? Wamekunyang'anya kazi?"

"Hapana, mama. Nimepaka boneti leo, imetoka vizuri. Nimekupigia tu... Mama, sikunusa kitu. Tangu nilipoanza hadi nilipomaliza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Miaka yote ile nilikuwa naivuta, mama. Yote. Sikujua."

Msitu alizisikia pumzi za mama mkwe, akajua anasikiliza za kwake.

"Hao watoto wako watatu ni wajukuu zangu, na wanamhitaji baba yao," alisema mwishowe. "Kesho unyoe tena."